Ukosoaji wa Katuni za Wanafunzi Uwe wa Kisayansi

Mwanafunzi anayejifunza kutengeneza filamu za katuni, ama kwa penseli ama kwa kompyuta, hufika siku ya kuwaonyesha wenzake mhusika wake wa kwanza akitembea. Mara nyingi hujibiwa mojawapo ya mambo mawili: "safi sana" au "haipendezi". Kwa maoni yangu, majibu yote mawili hayamfai. La kwanza humlevya, la pili humvunja moyo, na hakuna hata moja linalomwambia kesho abadilishe nini. Kazi ya namna hii yapasa ikosolewe kama tunavyokosoa jaribio la maabara: kwa kutaja kilichoonekana, mahali kilipoonekana, na sababu yake.

Jambo hili lawezekana kwa kuwa mwendo wa katuni hupimika. Filamu ya sinema kwa kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde. Mpira ulioachiliwa kutoka kimo cha meta 1.2 hivi huchukua nusu sekunde kufika chini, yaani picha 12. Katika picha 6 za kwanza huanguka kama sentimeta 30 tu; katika 6 za mwisho, kama sentimeta 90. Mwanafunzi anayeanza huelekea kuacha nafasi zilizo sawa baina ya picha zake, na mpira huonekana kana kwamba unateremshwa kwa kamba. Mkosoaji mwema hasemi, "Mpira wako mbaya." Husema, "Kuanzia picha ya 7 nafasi hazipanuki. Mpira hauongezi kasi." Hapo mwanafunzi amepata kazi ya kufanya.

Mhusika mwenye miguu ana tatizo jingine: huonekana akielea. Mara nyingi sababu yake ni kwamba mchoraji ameinua mguu mmoja bila kuusogeza mwili juu ya mguu uliobaki. Mwalimu aweza kulithibitisha hili pasipo chombo chochote. Mwanafunzi asimame ubavu, bega na mguu wake wa kulia vikigusa ukuta, kisha ajaribu kuinua mguu wa kushoto na kubaki wima. Hataweza, kwani ukuta humzuia kuhamishia kitovu cha uzito wake juu ya mguu wa kulia. Akishalionja jambo hilo mwilini mwake, hahitaji kukaripiwa.

Wako watakaosema kwamba sanaa si hesabu, na kwamba katuni ina ruhusa ya kuvunja sheria za maumbile. Ni kweli. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Walt Disney, walipoorodhesha kanuni 12 za kazi yao katika kitabu chao cha mwaka 1981, kutia chumvi kulikuwa mojawapo. Lakini kutia chumvi si sawa na kukosea. Kwa hiyo watazamaji waseme kwanza walichokiona, ndipo mchoraji aulizwe alichokikusudia. Tofauti baina ya majibu hayo mawili ndiyo somo lenyewe.

Anayekosolewa naye ana wajibu wake. Kwanza, aonyeshe kazi mapema, ingali michoro ya penseli. Katika studio ya Disney miaka ya 1930, michoro kama hiyo ilipigwa picha na kutazamwa katika chumba kidogo kilichopewa jina la utani la "sanduku la jasho", kabla ya kuingia gharama za wino na rangi. Mficha uchi hazai. Pili, asijitetee kazi yake inapotazamwa, kwani hataketi kando ya kila mtazamaji. Tatu, abadilishe jambo moja tu kwa wakati, kisha aonyeshe tena, ili ajue ni badiliko lipi lililoleta nafuu.

Walimu wenzangu, si wanafunzi wote watakaokuwa wachoraji wa katuni. Lakini mwanafunzi aliyezoea kuelezwa sababu hujifunza kuitafuta mwenyewe. Aliyezoea kusifiwa au kukaripiwa tu hujifunza kuutazama uso wa mwalimu.