Laptopu ya zamani yenye Linux: tununue au tuache?

Wandugu, swali hili haliishi kwenye grupu yetu: kuna laptopu ya mtumba pale town, bei iko chini, haina Windows, ina Linux. Tununue tuweke nyumbani, au tuache? Sisi tunasema tununue, lakini si kila mashine.

Linux ni ya ukoo wa Unix, mfumo ulioanza Marekani mwaka 1969, na unaipata bure. Mac nayo ni ya ukoo huohuo, ndiyo maana wengine wanakimbilia MacBook Air ya 2012 wakiona tu lile epo lililong'atwa. Hapo tunakataa. RAM yake imechomelewa ndani, huwezi kuongeza, na Apple waliifikisha kwenye Catalina, basi. ThinkPad T430 ya mwaka uleule haina sura, na ni nzito kweli, ila RAM unabadilisha, diski unabadilisha, betri unaichomoa kwa mkono. Sisi tunaolipia umeme wa Yaka kidogokidogo tunajua betri maana yake nini. Dukani chomoa chaja, ukae nayo nusu saa ikiwaka. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Na risiti! Iwe na namba ya mashine. Mkimbizi akisimamishwa usiku na laptopu kwenye begi, bila karatasi, nani ataamini ni yake?

Eti kazini wanataka Word na Excel. Kweli. LibreOffice inafungua mafaili hayo, ingawa majedwali mengine yanavurugika, tusidanganyane. Lakini mdogo wako anayesoma Wikipedia kwa Kiwix jioni, bila bando, hayo hayamhusu.

Sasa ninyi wa mashirika. Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kuna mashine nyingi nzima ambazo Windows 11 inazikataa. Linux haizikatai. Mnatufundisha kompyuta, mnatupa cheti, tunarudi chumbani hatuna hata kibodi ya kugusa. Kama mashine za namna hiyo zimelala stoo kwenu, futeni data zenu, mtuuzie kwa bei ya chini, na karatasi mtuandikie. Linux tutaweka wenyewe, flashi tunazo.