Atomu baridi za Zürich: utafiti usioleta faida leo si anasa

Mwaka 2010, watafiti wa chuo kikuu cha ETH mjini Zürich, inchini Uswisi, wakiongozwa na Profesa Tilman Esslinger, walionyesha jambo ambalo hesabu zilikuwa zimelitabiri tangu miaka 37. Walichukua atomu karibu laki moja za rubidiamu, wakazipoza mpaka karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri, ni kusema mwisho wa baridi yote. Wakaziweka katikati ya vioo viwili vidogo vinavyotazamana, wakazimulika kwa leza kutoka pembeni.

Mwanga ulipokuwa dhaifu, atomu zote zilikaa kama kitu kimoja kisicho na mpango. Ulipopita kiwango fulani, zilijipanga kama kete kwenye ubao wa dama: ama vyumba vyeusi, ama vyeupe. Hakuna mtu aliyezipanga. Kila atomu ilitupa mwanga kidogo kati ya vioo, na mwanga huo, ukienda na kurudi, uliifikia kila atomu nyingine. Ni mageuzi kama ya maji kuwa barafu, lakini hapa mwanga ndio uliounganisha.

Je, hayo yanaleta bugali mezani? Ulizo hilo ni la haki, hasa katika inchi ambamo walimu wa vyuo vikuu wamewahi kugoma juu ya mishahara. Lakini wanaolitumia ili kufunga mlango wa utafiti wanakosea. Saa za rubidiamu zimo leo ndani ya setilaiti za GPS, zile zinazosaidia simu kujua mahali ilipo.

Tena, tarehe zenyewe zinasema. Mwaka 1924, Satyendra Nath Bose, mwalimu wa chuo kikuu cha Dhaka, katika India iliyotawaliwa na Waingereza, alimutumia Albert Einstein hesabu mpya. Einstein alizitafsiri kwa Kijerumani, akaziendeleza, akatabiri kwamba atomu zikipozwa sana zitakuwa kama kitu kimoja. Hilo lilionekana mwaka 1995 tu, huko Colorado, Marekani. Na mageuzi yaliyoonekana Zürich, Klaus Hepp, profesa wa ETH hiyo hiyo, pamoja na Elliott Lieb, walikuwa wameyaandika kwa hesabu mwaka 1973.

Bose hakuwa na leza wala mashini ya baridi. Alikuwa na karatasi, kalamu, vitabu na kazi ya kufundisha. Hayo ndiyo ya kudai kwa wanafizikia wa Bukavu, Kisangani na Lubumbashi: si maabara ya Zürich kesho asubuhi, bali mshahara unaofika, maktaba, intaneti na muda wa kufikiri. Serikali inayoyanyima leo inawahukumu vijana wa Congo kujifunza kila siku yale ambayo wengine wamegundua.