Kuongozwa si kubebwa

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Je, yule atembeaye akiongozwa, mizigo yake ikichukuliwa na gari, tumhesabu kuwa ametembea? Swali hili huzuka katika njia ya hija iendayo Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, ambako makundi ya watalii waendesha baiskeli hupita pamoja na mahujaji waendao kwa miguu. Wapo wanaowabeza wa baiskeli, wakidai kwamba hija ya kulipia kiongozi ni starehe tu.

Mimi siafikiani nao. Hebu tuitazame siku moja ya safari hiyo. Asubuhi kundi huondoka Villafranca del Bierzo, mji ulio bondeni. Kiongozi amekwisha kueleza njia, na gari limetangulia na mikoba. Mbele yao kuna kilomita 30 hivi hadi O Cebreiro, kijiji kilichoko kwenye kimo cha mita 1,300 hivi, na sehemu ya mwisho ni mlima mtupu. Hapo kiongozi aweza kuwaonyesha penye maji, aweza kumhimiza aliyebaki nyuma, aweza hata kuziba pancha. Lakini hawezi kukanyaga pedali kwa niaba ya mtu mwingine. Jasho halina wakala.

Tena, kuongozwa hakukuanza jana. Katika karne ya 12 tayari kulikuwa na mkusanyiko uitwao Codex Calixtinus, ambao sehemu yake moja iliwaeleza mahujaji habari za miji, mito na maji yafaayo kunywewa. Nayo mishale ya manjano ionyeshayo njia leo ilianza kuchorwa katika miaka ya 1980 na padri wa O Cebreiro, Elías Valiña. Amchekaye mwenye kiongozi, ilhali yeye mwenyewe anaifuata mishale hiyo, amesahau kwamba naye anaongozwa.

Ni kweli kwamba aliyepangiwa kila kitu hukosa funzo la kutojua atalala wapi. Hata hivyo, masharti ya hija yenyewe hayamtengi. Ili kupewa hati ya Compostela, mwenda kwa miguu sharti atimize angalau kilomita 100, na mwendesha baiskeli 200, kadi yake ikipigwa mihuri njiani. Kinachopimwa ni mwendo wake mwenyewe.

Na aliyeshindwa kabisa je? Jibu liko pale pale Villafranca. Kanisa la Santiago mjini humo lina Mlango wa Msamaha, ambapo hujaji mgonjwa asiyeweza kuendelea alipata msamaha ule ule ambao angeupata mwisho wa safari. Huruma hiyo iliwekewa mgonjwa, si mvivu.

Walimu na wanafunzi wana la kuzingatia hapa. Mwalimu amwonyeshaye mwanafunzi namna ya kulikabili swali hajamnyang'anya kitu. Amwandikiaye jibu ndiye aliyempandisha garini, akamfikisha kileleni bila kuujua mlima. Naye mwanafunzi asione haya kuuliza njia. Haya ni kupokea hati ya safari ambayo miguu yake haikuifanya.