Mkurugenzi wa Nani?

Hapa Kakuma ukipanga vijana kumi kwenye mstari, utapata wakurugenzi watendaji sita, waanzilishi watatu, na mmoja tu wa kupanga viti. Mimi namwandikia huyo wa viti.

Sicheki mtu. Najua kwa nini tunapenda vyeo. Mkimbizi anafundisha, anatafsiri, anapima watoto kliniki, halafu anapewa posho na kuambiwa anajitolea. Ukijiita mkurugenzi, angalau kuna siku utaitwa kwa heshima. Lakini ndugu zangu, tumechukua jina tukaacha kazi yake.

Mkurugenzi mtendaji kwa kawaida ni mtu wa kuajiriwa. Juu yake kuna bodi. Bodi inamteua, inapitisha bajeti, inamdai hesabu, na akiharibu inamfukuza. Mtendaji ni wa kutenda yaliyokubaliwa. Hata Kamishna Mkuu wa UNHCR huchaguliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kila mwaka hulipelekea ripoti. Sasa wewe wa kikundi cha watu kumi na wawili, ripoti yako unampelekea nani?

Nasema kwa uchungu. Mkurugenzi wa kikundi chetu alishika kila kitu: laini ya M-Pesa, mhuri, neno la siri la barua pepe. Safari yake ya Kanada ilipofika, tulimsindikiza kwa nyimbo. Baadaye mfadhili aliandika akitaka majibu. Tulikuja kujua baada ya miezi miwili, muda umeshapita. Wasichana waliokuwa wanajifunza kushona wakarudi nyumbani. Hakuiba. Sisi ndio tulimwachia yote, ati yeye ni bosi.

Na nyinyi wa mashirika, hili mnalilea. Mkifika tu, "Mkurugenzi yuko wapi?" Ulizeni mengine: nani anaweza kumwondoa? Pesa inatoka kwa sahihi ngapi? Daftari la mikutano liko wapi?

Kijana mwenzangu, endelea kuitwa mkurugenzi, sina neno. Ila Jumamosi hii ita wanachama wote, wachague bodi ya watu watano, wasichana wakiwemo, na neno la siri lijulikane na zaidi ya mtu mmoja. Ukiogopa kufanya hivyo, basi huongozi kikundi. Umekitia mfukoni.