Bastola Imepelekwa kwa Fundi. Mwenyewe Amefundwa na Nani?



Huko Marekani wapo mafundi ambao kazi yao ni kuichukua bastola iliyotoka kiwandani na kuitengeneza upya kwa mkono, kufuatana na matakwa ya mwenyewe. Wanayoishughulikia sana ni ile aliyoibuni John Moses Browning, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911 na kuitumia kama bastola yake ya kawaida hadi mwaka 1985. Fundi huikaza sehemu ya juu ili isichezecheze, hulainisha njia inayopitishia risasi, huchonga mistari midogo kwenye mpini ili usiteleze, hubadilisha alama za kulengea, na hukifanya kifyatulio kiwe chepesi. Mteja hulipa maelfu ya dola, na mara nyingi husubiri miezi mingi.

Kwa nini sisi mafrateri wa falsafa tuandike habari za bastola? Ni kwa sababu ndani yake kuna swali letu: je, kila kazi nzuri ni kazi njema?

Kwamba kazi ile ni nzuri, hatuna shaka. Kukaa na tupa na msasa siku nzima mpaka vyuma viwili vikutane kama viganja vya mtu anayesali si jambo dogo. Kuna uvumilivu, jicho na heshima kwa chuma. Mtakatifu Tomaso wa Akwino angeuita ustadi huo fadhila ya akili, yaani akili iliyonyooka kuhusu vitu vinavyotengenezwa.

Lakini Tomaso huyohuyo, akimfuata Aristotle, anatenganisha ustadi na busara. Ustadi hupimwa kwa kitu kilichotengenezwa. Busara hupimwa kwa tendo la mtu. Fundi akiharibu kazi kwa makusudi, bado ni fundi, tena ni bora kuliko anayeharibu kwa kutojua. Mtu akitenda uovu kwa makusudi, yeye ni mbaya zaidi kuliko aliyekosea bila kujua. Ndiyo maana ustadi peke yake haumfanyi mtu awe mwema.

Tuchukue kifyatulio. Bastola ya mashindano ya shabaha inaweza kuwa na kifyatulio chepesi sana. Lakini kwa bastola ya kubeba kiunoni, mafundi wengi makini hawapendi kukishusha chini ya takriban kilo 1.8, kwa sababu kidole cha mtu mwenye hofu hakina utulivu wa kidole kilichoko uwanjani. Mteja anataka, fedha anayo, na fundi anaweza, lakini bado fundi anasema hapana. Hapana hiyo haikutoka kwenye tupa. Imetoka kwenye busara, na kwetu sisi ndiyo kazi yake iliyo bora kuliko zote.

Wapo watakaosema kwamba mtu ana haki ya kujilinda. Ni kweli, na Kanisa linafundisha hivyo. Lakini Tomaso anaongeza sharti: anayejilinda kwa kutumia nguvu kupita inavyohitajika, tendo lake si halali tena. Kipimo hicho hakuna fundi awezaye kukichonga kwenye chuma. Kinachongwa ndani ya mtu, polepole, kwa mazoea ya kutawala hasira na hofu.

Wengine Marekani wamemtangaza Mtakatifu Gabriel Possenti kuwa msimamizi wa wenye bastola, kwa simulizi kwamba aliwafukuza askari waporaji kwa shabaha yake. Simulizi hiyo ina mashaka, na Kanisa halijampa cheo hicho. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba alikuwa frateri kama sisi, wa Shirika la Mateso, aliyefariki mwaka 1862 kabla ya kupewa upadre. Kilichomfikisha altareni ni sala, utii na upendo wake kwa Mama wa Mateso.

Hapa kwetu silaha ni jambo la kibali na sheria, na wachache watawahi kuipeleka bastola kwa fundi wa namna hiyo. Hata hivyo, kishawishi chake tunacho sote: kununua ubora wa chombo na kudhani tumenunua ubora wa mtu. Lugha yetu inatusaidia hapa, maana neno fundi na neno kufundwa ni ndugu. Rai yetu ni kwamba anayebeba kitu kinachoweza kuondoa uhai ajiulize kwanza amefundwa na nani, kabla ya kuuliza silaha yake imepitia kwa fundi gani. Na jamii inayotoa kibali imuulize swali hilohilo, bila haya.

Kwetu mafrateri pia swali linabaki. Mantiki tunayofundishwa darasani ni chombo kikali, na ulimi una kifyatulio chepesi kuliko bastola yoyote.