Ngojangoja Huumiza Matumbo

JAMBO LA NYUMBANI

Safari hii Jambo la Nyumbani linatoka kwetu, Khuwair ya Kusini, chumba cha nyuma, wanapokaa wanyama wawili ambao bibi yangu anawaita "panya wenu". Kamusi inawaita simbilisi. Asili yao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, lakini hata Kivu kule Kongo, na nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, watu wanawafuga kwa kitoweo. Nilipomwambia bibi hivyo akasema, "Astaghfirullah! Hebu funga mlango."

Hawa wawili ni Haluwa na Visheti. Kabla yao alikuwepo Kashata, na ninayoyaandika leo ni kwa sababu yake.

Kashata aliacha kula Jumatano jioni, mwezi wa Julai. Nilimwekea tango, akaligeuzia mgongo. Bibi akasema, "Mwache mjukuu wangu, kakinai. Subira huvuta heri." Nami nilikuwa na mtihani, nikafurahi kuambiwa nisubiri. Alhamisi alijikunyata pembeni, manyoya yamemsimama. Ijumaa kliniki ilifungwa. Jumamosi asubuhi daktari alimpapasa tumbo, akaniuliza, "Hajala tangu lini?" Nilipomjibu, aliweka kalamu chini. Kashata alikufa siku ile ile, kabla ya alasiri.

Paka akisusa chakula siku moja, mara nyingi hurudi mwenyewe. Simbilisi siye. Matumbo yake yanahitaji nyasi zipite mchana na usiku. Asipokula, matumbo husimama, gesi hujaa, maumivu humzidi, na akiumwa ndiyo hazidi kula kabisa. Ini nalo huanza kuharibika. Na kwa kuwa porini yeye ni windo la wengine, huficha ugonjwa mpaka ashindwe kuuficha. Kwa hivyo siku unayogundua wewe, huenda yeye ana siku kadhaa anaumwa.

Basi, asipokula kwa nusu siku, fanya haya:

Kwanza, tazama mavi yake. Yakipungua, yakiwa madogo au yasiwepo kabisa, mambo yamekuwa makubwa. Gusa tumbo. Likiwa limevimba na gumu kama ngoma, usimlishe kitu. Mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo.

Pili, piga simu kwa daktari wa wanyama, na uliza kama anatibu simbilisi, maana wengine wamezoea paka na mbwa tu. Namba ya anayefungua Ijumaa itafute leo, kabla hujaihitaji.

Tatu, tumbo likiwa laini, mlishe wewe huku unasubiri kuonana na daktari. Loweka kile chakula chake cha vidonge kwa maji ya vuguvugu mpaka kiwe kama uji, kisha utie ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano. Muweke wima, pitishia pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, umpe nafasi ya kutafuna. Rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Usimlaze chali, atapaliwa.

Nne, usimpe dawa ya binadamu. Penisilini na jamaa zake, wakimezeshwa simbilisi, huua vijidudu vizuri vya tumboni, na mnyama hufa kwa dawa badala ya ugonjwa.

Sababu za kuacha kula ni nyingi. Meno yake hayaachi kukua, na magego yakirefuka huchoma ulimi. Joto pia. Likipita nyuzi 30 ni hatari kwake, na sisi wa Maskati tunajua kiyoyozi kikizima Julai nyumba inakuwaje. Halafu kuna vitamini C, ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza, kama wetu. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Norway, Holst na Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakaona wamepata kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia. Kipande cha pilipili mboga kila siku kinasaidia sana. Nyasi kavu zisikatike. Alfalfa, yale majani wanayolishwa mbuzi hapa Omani, ina chokaa nyingi, haimfai mkubwa kila siku.

Na kila Ijumaa mpime kwa mizani ya jikoni. Uzito hushuka kabla hujaona kitu kwa macho.

Januari hii Haluwa aliacha kula. Nilianza na bomba usiku ule ule, na asubuhi tulikuwa kliniki. Lilikuwa gego. Lilisagwa, na baada ya siku tatu za kulishwa kwa mkono akalivuta jani mwenyewe. Bibi ndiye aliyelishika.

Siku hizi bibi haniambii subira huvuta heri. Kila baada ya sala ya alfajiri huchungulia chumba cha nyuma, kisha huniita, "We, amka! Panya wenu mmoja kala, huyu wa pili sijamwona."

Naamka.

Maneno ya toleo hili: kukinai (kushiba mpaka kutotaka tena), kujikunyata (kujikunja kwa baridi, woga au ugonjwa), kiseyeye (ugonjwa wa fizi kutoka damu kwa kukosa vitamini C).