Mahindi Yenye Kuvu Si Chakula cha Ng'ombe

Mkulima, iko desturi moja katika mashamba yetu ya makazi ambayo yafaa iachwe. Mahindi yakishika kuvu, mwenye nyumba huyatenga, kisha husema, "Haya watakula ng'ombe na kuku." Adhani ameokoa gunia. Sisi twasema hakuokoa kitu.

Kuvu hiyo yaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Nayo ilijulikana kwanza kwa vifo vya mifugo. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya njugu yenye kuvu. Tena ng'ombe wa maziwa akiila, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, na maziwa hayo ndiyo unayotia katika chai ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi. (Na wale wauzao mahindi hayo kwa wapika pombe, wanawauzia jirani zao ugonjwa.)

Usidhani ni habari za mbali. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waliona hatari ilikuwa kubwa kwa waliokula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu.

Twajua kwa nini huwekwa hivyo. Mvua yaja, wezi wako, ada ya shule yadaiwa. Anayevuna mapema hatumlaumu. Kosa ni kuyafungia guniani kabla hayajakauka. Yaanike juu ya turubai, wala si juu ya udongo, maana kuvu hukaa udongoni. Kisha twaa chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, ufunike, utikise vizuri, uache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudishe juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya 15 katika 100. Lakini ghalani hutakiwa usizidi 13 na nusu, basi ongeza siku nyingine ya jua.

Chambua kwa mkono punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi, ingawa jicho peke yake halitoshi, kwa kuwa sumu yenyewe haionekani. Na yaliyokwisha kuoza yachimbie shimo refu, mahali kuku hawawezi kufukua.